Shali Yenye Taji

Kila alasiri, kabla hata ya kuvua sare ya shule, Chiriku alipepea mkaa. Alichuchumaa barazani, mfuniko wa pasi ukiwa wazi, akapepea kwa kipande cha boksi mpaka makaa yakawa mekundu. Kisha akafunga mfuniko, akapangusa uso wa pasi kwa tambara bichi, akaipeleka ndani kwa baba yake akitembea upande upande kwa uzito. Baba aliipokea. Aliijaribu kwanza kwenye tambara kavu lililoning'inia pembeni mwa meza, akausikiliza mlio wake, ndipo akagusa nguo ya mteja.

Hiyo ilikuwa sheria ya chumba kile. Kwanza tambara, ndipo nguo.

Baba yake alikuwa dobi. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa kazini kwake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, kamba zilizopita kutoka ukuta hadi ukuta, na harufu ya sabuni na wanga isiyotoka hata madirisha yakifunguliwa. Chumba cha nyuma ndicho walicholala. Mama hakuwepo. Tangu muhula ulipoanza alikuwa amekwenda kumuuguza bibi, na tangu hapo maji, chakula, vyombo na moto wa pasi vilimwangukia Chiriku. Alikuwa darasa la sita, lakini mikono yake ilishaanza kuwa migumu kama ya mtu mzima.

Majirani ndio waliombandika jina hilo la Chiriku, kwa kuwa tangu alipojifunza kusema hakuwahi kunyamaza. Alimsimulia baba yake mambo ya shule yote, nani kapigana, nani kasinzia, mwalimu gani kavaa soksi za rangi mbili. Baba alipiga pasi, akaitikia "haya" mwishoni mwa kila habari.

Siku hiyo ya Ijumaa, Chiriku alikuwa katikati ya habari ya soksi wakati mtu alipobisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Karibu, Sista," Baba alisema.

Alikuwa ni Sista wa sakristia, mtawa aliyetunza mavazi na vyombo vya kanisa, na aliyewafundisha watoto dini kila Jumamosi. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Alikuwa amekumbatia kifurushi bapa kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Nimekuja kukuongezea mzigo, dobi. Unisamehe."

Alikifungua juu ya meza. Ndani kulikuwa na shali ndefu ya satini nyeupe, yenye nyuzi za dhahabu kwenye ncha zake, na katikati imetariziwa taji. Ilikuwa imejaa makunyanzi.

"Keshokutwa ni sikukuu ya Kristo Mfalme," Sista alisema. "Baada ya Misa tutaandamana na Sakramenti Takatifu, na padri atajifunika hii mabegani. Imekaa kabatini mwaka mzima. Tazama ilivyojikunja, kama uso wangu."

Baba alicheka kidogo kwa pua.

"Sista," Chiriku akadakia, "kwa nini padri asiishike monstransi, kile chombo cha Sakramenti, kwa mikono yake tu? Si anaweza?"

"Kaanza," Baba alisema.

"Mwache aulize. Anaishika kwa shali ili sisi tukumbuke kwamba anayetubariki si yeye. Ni Yesu aliyemo ndani ya ile Ostia, mkate mtakatifu. Padri anajificha nyuma ya kitambaa, kama mtumishi anayefungua mlango, mfalme apite." Sista alitazama zile kamba zilizolemewa na nguo, kisha akamtazama Baba aliyekuwa ameegemea meza kwa kiwiko. "Dobi, hujachoka wewe?"

"Mimi? Sina neno. Kesho asubuhi mtoto ataileta."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Mama Cherehani, jirani aliyeshona nguo chumba cha pili na ambaye mlio wa cherehani yake ulisikika ukutani mchana kutwa, alikuwa amemwambia mara nyingi alete nguo amsaidie kukunja. Baba akasema hana neno. Hata Mama alipopiga simu kuuliza hali, Baba alishika kiuno kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, akasema hana neno.

Sista alipoondoka, Baba aliinama kunyanyua karai la nguo mbichi. Aliinuka nusu, akabaki vilevile, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Baba?"

"Ngoja."

Alingoja. Karai lilimponyoka, maji yakatapakaa mpaka mlangoni. Chiriku alikimbia akamshika, naye akamwegemea binti yake kwa uzito wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hatua kwa hatua wakafika chumba cha nyuma. Alipojilaza kitandani uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Mgongo umekamata," alisema. "Utaachia. Wewe malizia zile sare za kaki, wenyewe wanazifuata leo. Shali usiiguse. Nitainuka niifanye mwenyewe."

Kaki inataka moto mkali. Chiriku aliongeza mkaa, akapiga pasi mpaka mabega yakawaka. Wenye sare walikuja wakachukua. Chakula kilikuwa bado, vyombo vya asubuhi vilikuwa bado, sakafu ilikuwa imelowa. Alisikiliza upande wa chumba cha nyuma. Baba hakuinuka. Alisikia tu pumzi zake, fupi fupi, na kitanda kikilia kila alipojaribu kugeuka.

Nikiimaliza mimi, alifikiri, Baba hatalazimika kuinuka.

Aliitandaza shali mezani. Alijua inavyotakiwa, maana alikuwa ameona mwaka jana na mwaka juzi: satini hupigwa upande wa ndani, kwa kitambaa chenye unyevu juu yake, na pasi iliyopoa. Tambara la kujaribia lilikuwa palepale pembeni. Aliliona. Lakini pasi ilikuwa tayari mkononi, na mkono ulikuwa umechoka kiasi kwamba hata safari ile fupi ya kwenda pembeni mwa meza ilionekana ndefu. Akaishusha.

Pasi ililia kwa mlio asioujua. Akaiinua haraka. Chini ya taji, katikati kabisa, palikuwa na alama ya ncha ya pasi, ya kahawia, rangi ya chai ya rangi.

Alisugua kwa maji. Alisugua kwa sabuni. Alama haikubadilika hata kidogo. Ilizidi tu kuonekana, kwa kuwa pande zote ilikuwa imezungukwa na weupe. Machozi yalimjaa, lakini hakulia kwa sauti. Alimalizia sehemu zilizobaki kwa pasi iliyopoa, akaikunja shali kama ilivyokunjwa siku zote, taji likiwa ndani ili nyuzi zake zisichakae. Ikiwa imekunjwa hivyo, haikuwa na doa lolote. Ilikuwa nzuri. Akaifunga kwenye shuka.

"Chiriku," Baba aliita.

"Abee, Baba."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, Baba. Nimemaliza kila kitu. Na shali nimemaliza."

Kitanda kikalia.

"Nilitaka kukwambia..." Baba alianza, kisha akaacha. "Haya. Pika ule, upumzike."

Asubuhi Chiriku alitoka na kifurushi akiwa hajasema neno lolote. Mama Cherehani alikuwa barazani akipaka cherehani mafuta.

"Chiriku, leo umemeza gundi? Hata salamu?"

"Shikamoo, Mama Cherehani."

"Marahaba. Jioni upitie gauni lako la kurushia maua kesho kwenye maandamano. Nimekuwekea mshipi wa satini, kipande kilichobaki cha bibi harusi wa juzi. Kipande cha mwisho hicho, usije ukaketi penye vumbi. Baba yako anaendeleaje?"

"Hana neno," Chiriku akasema, na akasikia sauti yake ikifanana na ya baba yake.

Kanisani, Sista alikuwa akisugua vinara vya mishumaa. Alinyoosha mikono, akakipokea kifurushi, akakiweka kwenye kabati la sakristia bila kukifungua.

"Hutaitazama, Sista?" Chiriku aliuliza.

"Niitazame ya nini? Za mafundi wengine nazikagua. Za baba yako sijawahi." Aligeuza ufunguo kabatini. "Haya, nenda darasani, nakuja."

Darasa la dini lilikuwa kwenye chumba kirefu nyuma ya kanisa, chenye mabenchi na ubao uliopauka. Chiriku alikaa karibu na rafiki yake aliyeitwa Twiga kwa urefu wake. Wawili hao ndio waliochaguliwa kutangulia mbele ya Sakramenti, wakirusha maua njiani. Twiga alikuwa hawezi kutulia kwa furaha. Chiriku alitazama kucha zake.

Sista aliingia, akaketi kitini, jambo alilolifanya tu akiwa amechoka sana.

"Kesho ni Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa," alisema. "Baada yake tunaanza Majilio, majuma ya kungojea Noeli. Kanisa linamaliza mwaka wake kwa kusema jambo moja: Kristo ni Mfalme. Sasa niambieni. Mfalme mnamtambua kwa nini?"

"Taji, Sista."

"Askari."

"King'ora," akasema kijana mmoja wa nyuma waliyemwita Rubani kwa sababu hakuwahi kuzungumzia kitu kingine isipokuwa ndege na magari. "Akipita, magari yote yanasimama pembeni."

Darasa likacheka. Sista naye alitabasamu, akaonyesha msalaba uliokuwa ukutani.

"Mwangalieni wetu. Taji analo?"

"Analo. La miiba."

"Askari je, alikuwa nao?"

"Walikuwepo," Twiga alisema polepole, "ila hawakuwa wake."

"Hawakuwa wake. Walimpiga, kisha wakamvika joho kuukuu ili wamcheke. Wakampigia magoti kwa mzaha, wakamwita mfalme. Basi mfikirieni amesimama pale, joho limechafuka damu, amechoka, hajalala. Kabla ya hayo mtawala alikuwa amemuuliza: hivi wewe ni mfalme kweli? Angesema hapana, labda wangemwachia. Hakusema hapana. Alisema ukweli, akijua utampeleka wapi. Alisema alizaliwa kwa ajili hiyo, aushuhudie ukweli. Ndiyo maana tunasema ufalme wake ni wa ukweli. Hauna jeshi. Hauna mipaka ya nchi."

"Sista," Rubani akasema, "sasa kama anatawala, polisi wake wako wapi? Mtu akivunja sheria nani anamkamata?"

"Dhamiri yako. Haina sare, haina mshahara, na hailali."

Watoto walicheka tena. Chiriku hakucheka. Jana usiku alikuwa amegeuka kitandani mara nyingi, na sasa alijua aliyekuwa akimwamsha.

"Na kesho," Sista aliendelea, "hatumtembezi Mfalme ili auone mji. Anaujua, anajua hata mlichokula. Tunatembea naye ili sisi wenyewe tukumbuke kwamba anatawala hata kule ambako hakuna mtu anayetuona. Ndani ya nyumba. Ndani ya moyo. Mkipiga magoti kesho, msipige kwa sababu wengine wamepiga."

Njiani kurudi, Twiga aliongea kwa niaba ya wote wawili. Mwisho alisimama.

"Wewe unaumwa?"

"Hapana."

"Tumegombana?"

"Hapana, Twiga."

"Basi kuna kitu. Leo mimi ndiye chiriku, na sijazoea, mdomo unaniuma."

Chiriku nusura acheke. Nusura aseme pia. Lakini walikuwa wamefika njia panda, na Twiga akaenda kwao.

Nyumbani alimkuta Baba amesimama. Alikuwa ameegemeza kiuno kwenye meza na kujifunga kanga ya Mama tumboni, kwa nguvu, kama mtu aliyevunjika mbavu. Alipiga pasi kwa mkono mmoja huku mwingine ukishikilia ukingo wa meza. Jasho lilimdondoka kidevuni. Kila tone alikwepesha lisiangukie nguo.

"Baba, umesimama?"

"Nguo hazijipigi zenyewe. Ulimpa Sista?"

"Nilimpa."

"Akasemaje?"

"Alisema... alisema zako huwa hazikagui."

"Haya," Baba alisema, na Chiriku aliona kwamba uso wake haukuwa na furaha aliyoitegemea.

Mama Cherehani aliingia na gauni. Lilikuwa jeupe, lenye mshipi mpana wa satini unaofungwa nyuma. Alimgeuza Chiriku huku na huku, akavuta hapa, akabana pale.

"Dobi, mwangalie mwanao. Kesho kanisa zima litatazama mgongo wa padri na fundo la mshipi wangu, hakuna kingine."

Mgongo wa padri. Chiriku aliuona palepale: shali ikifunguliwa mbele ya altare, ikitandazwa juu ya mabega yaliyoinama, taji la dhahabu, na chini yake ile alama. Umbo la pasi. Mtu yeyote angejua ni pasi ya nani. Hakuna ambaye angesema ni mtoto. Wangesema dobi kaunguza kitambaa cha Mfalme akakikunja, akanyamaza. Na baba yake angekuwa amesimama palepale kati yao, amejifunga kanga, asijue wanachokitazama.

"Nakuja," alisema.

"Na gauni?" Mama Cherehani akashangaa. "Wee, vumbi!"

Alikuwa ameshatoka. Alikimbia njia nzima akiwa ameshika pindo la gauni. Sista alikuwa akifunga mlango wa sakristia.

"Sista. Shali imeungua. Si Baba, ni mimi. Baba alisema nisiiguse, mgongo umemkamata, hawezi kuinama. Mimi nilitoka kwenye kaki nikaenda kwenye satini, sikujaribu kwenye tambara. Nikaikunja nikakuletea. Nilijua, Sista. Nilipokuletea nilijua."

Yote yalitoka kwa mkupuo mmoja. Sista alifungua mlango, akafungua kabati, akaitandaza shali juu ya meza ya mavazi. Waliitazama pamoja. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko Chiriku alivyoikumbuka.

"Baba yako ameshajua?"

"Bado."

"Basi shika ncha hiyo. Tuikunje, twende."

Walipoingia, Baba alikuwa bado amesimama, na Mama Cherehani alikuwa akimwomba aketi. Sista aliifungua shali mezani. Ilikuwa zamu ya Chiriku.

"Baba, ni mimi niliyeiunguza. Jana. Ulipouliza kuna nini nikasema hakuna kitu. Nilikudanganya."

Baba aliiangalia ile alama. Aliigusa kwa kidole, polepole, kama anayegusa kidonda cha mtu.

"Nilitaka..." alianza. Akamtazama Sista, akamtazama Mama Cherehani. "Haya," akasema. Akavuta kiti, akaketi.

"Kuosha haitoki hii," Mama Cherehani alisema, ameshainama na miwani yake. "Ni ya kufunika. Ila iwe satini nyeupe kama hii, na mimi sina. Cha mwisho ni hicho..." Akautazama mshipi wa Chiriku.

Chiriku alipeleka mikono nyuma. Fundo lilikuwa limekazwa, akahangaika nalo. Hakuna aliyemsaidia, na baadaye alishukuru kwa hilo. Mshipi ulipofunguka aliuweka mezani, juu ya lile doa. Ulilifunika lote.

"Gauni litapwaya," Mama Cherehani alisema kwa sauti ndogo.

"Acha lipwaye."

Cherehani ililia ukutani mpaka jua lilipozama. Mshipi ulishonwa kuvuka shali nzima, chini ya taji, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukitazama kwa makini uliona kwamba weupe wake ni mwingine. Sista alisema atamweleza padri, asije akadhani ni pambo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mwishoni mwa Misa padri alipiga magoti, watumishi wakamfunika shali mabegani, naye akaipokea monstransi kwa ncha zake zenye nyuzi za dhahabu. Kengele zikalia. Chiriku na Twiga walitangulia, kikapu shingoni, wakageuka nyuma kila baada ya hatua chache ili kurusha petali mbele ya Sakramenti. Gauni la Chiriku lilimning'inia kama gunia. Twiga alilitazama, akachota petali nyingi kutoka kikapu chake akazitia katika cha rafiki yake.

Watu walipiga magoti pande zote za barabara. Fundi viatu alipiga magoti na nyundo yake mkononi. Wapo waliokuwa wamechoka hata kuimba, wakainamisha vichwa tu. Chiriku aliiangalia ile Ostia nyeupe, ndogo, nyuma ya kioo. Haikuwa na king'ora. Kitu alichokibeba kifuani tangu Ijumaa hakikuwepo tena, na pale palipokuwa na uzito palikuwa na uchovu wa kawaida, ule wa miguu.

Baada ya baraka ya mwisho alimtafuta baba yake. Alimkuta nje, ameketi kwenye ukuta mfupi wa kanisa, kanga ya Mama ikichungulia chini ya shati. Petali zilikuwa zimetapakaa barabarani, zimekanyagwa. Chiriku aliketi pembeni yake.

"Nilisikia harufu," Baba alisema.

"Harufu gani?"

"Ijumaa. Satini ikiungua, dobi ataisikia hata akiwa usingizini. Ndiyo maana nilikuita."

Chiriku aligeuka kumtazama. "Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza kuna nini, ukasema hakuna kitu, na mimi nikakubali. Unajua kwa nini? Ningesema najua, ningepaswa kuinuka nije nitazame. Na ningepaswa kukiri kwamba siwezi kuinuka. Nikaona afadhali ninyamaze. Mpaka jana nikaona jinsi ulivyokuja na Sista, na hukumwachia yeye aseme."

Alivuta pumzi, akabadilisha mkao, akakunja uso kwa maumivu.

"Sikiliza, mwanangu. Kuunguza nguo ni kosa la mkono. Mkono huchoka, na wako nimeuchosha mimi. Huo haukuwa uovu. Uovu ulikuwa kuikunja ukasema hakuna kitu. Hilo umelirekebisha, tena kwa kitu chako mwenyewe, na mimi nimeridhika. Lakini usidhani ni wewe peke yako. Wewe ulificha doa siku moja. Mimi nimekuwa nikificha mgongo huu kwa miezi, kila anayeniuliza namwambia sina neno. Matokeo yake mtoto anafanya kazi ya watu wawili."

"Mimi siyo mtoto sana, Baba."

"Ni mtoto. Nilipaswa kukwambia tangu Ijumaa." Alitazama mlango wa kanisa. "Wakati wa Misa nilikuwa siwezi kupiga magoti, nikawa naangalia zile picha za Njia ya Msalaba ukutani. Mfalme ameanguka chini, watu wote wanamwona. Halafu anakuja mtu ametoka shamba, anamsaidia kubeba, na Mfalme anakubali. Anakubali, Chiriku. Mimi dobi ni nani hata nikatae?"

Mama Cherehani alikuwa akija kwao, viatu mkononi, akichechemea kwa sababu ya mwendo mrefu. Akasimama mbele yao, akashika kiuno.

"Mshipi wangu umefika mpaka altareni, mmeona? Haya, dobi, vipi wewe? Umechoka?"

"Mimi?" Baba alianza. "Sina..."

Akaishia hapo. Alimtazama binti yake, na gauni lile lililopwaya. Kisha akainua uso.

"Nimechoka," alisema. "Mgongo hauwezi tena, Mama Cherehani. Nimechoka sana. Naomba unisaidie."